Siku Wembe wa Fundi Tahsin Ulipokataa Kweli

Fundi Tahsin alihukumiwa kwa kusema kweli. Nalitaja jambo hili mwanzoni kabisa kwa sababu wapo watu katika mji wetu ambao hadi leo hulizungumza kana kwamba ilikuwa ajali ya kawaida, mkono wa mzee umeteleza, yamekwisha. Mkono haukuteleza. Mji mzima ulisimama uani, ukamsikia akisema kweli kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, ukamcheka, kisha ukamhukumu kwa matokeo ya kicheko chake wenyewe.

Kwetu Uturuki, upande huu wa Denizli, bwana harusi hanyolewi chumbani. Huketishwa kwenye kiti katikati ya ua, taulo jekundu mabegani, ngoma na zumari mbele yake, rafiki zake wakicheza kumzunguka, na wanawake tukitazama kutoka roshani. Kinyozi humpaka povu, hunyoa mistari miwili mitatu, kisha husimama ghafla, hukunja uso, hutazama wembe wake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu, na kutangaza: "Wembe haukati!" Hapo kila mtu anajua linalotakiwa. Rafiki za bwana harusi hutia mikono mifukoni, noti hubandikwa kwenye koti la kinyozi, na wembe hupona papo hapo. Baada ya mistari mingine miwili unaugua tena. Tahsin alilisema neno hilo kwa miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo lilikuwa uongo mtupu, kwani wembe wake ulikata siku zote.

Ulikata kwa sababu ya povu. Duka lake linatazamana na duka langu la dawa, na kwa kuwa barabara yetu ni nyembamba, nimemwona akitengeneza povu mara nyingi kuliko nilivyowaona ndugu zangu. Kila mteja humwekea makali mapya, kama sheria inavyotaka, lakini yeye mwenyewe huyahesabu makali kuwa jambo la pili. Huloweka burashi katika maji ya moto, huikung'uta, huisugua juu ya sabuni, kisha huanza kuizungusha bakulini, akiongeza maji kwa matone ya vidole. Maji yakiwa machache, povu huwa zito kama unga uliokandwa, hukauka usoni na kuushika wembe. Yakizidi, huwa mapovu makubwa ya kufulia, yanayotiririka shingoni na kuiacha ngozi tupu. Analolitafuta liko katikati: jeupe, zito, lenye kung'aa, likifanana na mtindi uliopigwa vizuri. Akiinua burashi, ncha ya povu hubaki imesimama na kujipinda kidogo. Hapo hutabasamu. Hulipaka kwa kuzungusha dhidi ya uelekeo wa nywele, polepole, ili kila unywele usimame na kunywa maji, maana unywele ulioshiba maji ni laini, na ulio mkavu hupigana na wembe, na katika ugomvi huo anayeumia ni ngozi.

Sasa, maji ya mji wetu ni ya chokaa. Vilima vinavyotuzunguka ni vyeupe kwa chokaa, birika zetu zina ganda jeupe ndani, na sabuni katika maji hayo hukatika vipandevipande kama maziwa yaliyoharibika. Kwa hiyo Tahsin hapokei maji ya bomba dukani mwake. Huenda mwenyewe juu, kwenye chemchemi ya misonobari, akarudi na madumu. Na akiitwa kumnyoa bwana harusi, hubeba dumu lake dogo la kijani pamoja na burashi.

Hivyo ndivyo alivyofika, Agosti ya mwaka 2016, nyumbani kwa Vedat, mwana wa mwoka mikate. Aliliweka dumu jikoni, akatoka uani kupanga kiti. Shangazi wa bwana harusi, Bi Naciye, mwanamke mkarimu asiyeweza kuona mgeni bila kumpa kikombe, akaingia jikoni, akalifungua lile dumu, akaonja. Hayakuwa na chokaa. Akayapika chai.

Tuliinywa sote pale roshanini. Ilikuwa na rangi nyekundu safi, haina utando juu. Bibi Cevriye, aliyeketi karibu nami, alikunywa na kuagiza tena, akasema, "Leo Naciye kapata wapi majani haya? Au kaolewa kwa siri na mfanyabiashara wa chai?"

Huko chini, Tahsin alilikuta dumu tupu. Muda ulikuwa umekwenda, magari ya kumfuata bibi harusi yalikwisha kufungwa riboni, na mtu mmoja akamjazia bakuli kwenye bomba la ua kabla hajapata nafasi ya kukataa. Alilipiga povu kwa nguvu zake zote. Likainuka kidogo, la kijivu, lenye chembechembe. Akalipaka hivyo hivyo. Kisha upepo wa bondeni, ule wa alasiri, ukaingia uani.

Alinyoa mstari wa kwanza, akasimama. Tulimwona akigusa shavu la Vedat kwa kidole gumba. Povu lilikuwa limekwisha kuganda kama chaki.

"Wembe haukati," alisema.

Uwanja ukalipuka. Ngoma zikapanda.

"Umeanza mapema leo, Fundi!"

"Una njaa huo! Ulisheni!"

Noti zikaanza kubandikwa. Tahsin akazikung'uta kama mtu akung'utaye nyuki. "Wanangu, nisikilizeni. Haukati kweli. Povu limekauka. Nipeni maji!"

"Mnamsikia? Anasema haukati kweli!"

"Sitaki pesa! Nataka maji!"

"Hataki lira huyu, anataka dola!"

Hata sisi roshanini tulicheka. Hakuwahi kuigiza vizuri namna ile. Vedat mwenyewe, machozi yakimlengalenga, alisema, "Baba mdogo, unavuta," kwa jina tunalowaita wazee wa mtaa, na rafiki zake wakacheka zaidi, wakamwambia avumilie, kwani ndoa itamvuta zaidi ya hapo. Na muda wote huo wa ngoma na noti na mizaha, povu lilizidi kukauka. Tahsin alitaka kuweka wembe chini. Lakini bwana harusi aliyenyolewa nusu uso hawezi kupandishwa garini, na vijana wawili walikuwa wamemshika fundi viwiko, wakimsukuma kwa mapenzi yote: "Endelea, mzee, tumekwisha kulipa!"

Akaendelea. Wembe ukarukaruka juu ya ngozi kavu. Mkato mmoja ulitokea shavuni, mwingine kidevuni, na wa tatu, chini ya taya, ukateremsha damu hadi kwenye kola nyeupe. Zumari ilinyamaza katikati ya wimbo.

Waliosema wamelipa ndio hao hao waliosema usiku ule ule kwamba mkono wa Tahsin umekwisha.

Nilistahimili mazungumzo yale kwa wiki kadhaa, na sikustahimili kwa upole. Ilisemwa kwamba ni macho. Ilisemwa kwamba ni pombe, ingawa mtu huyu hata soda humpa kiungulia. Ilisemwa kwamba mafundi wa zamani wamepitwa na wakati na kwamba duka jipya karibu na kituo cha mabasi lina povu la kopo lisilohitaji fundi. Mwalimu mstaafu, mtu aliyesoma na ninayemheshimu, aliniambia akinunua dawa ya kikohozi, "Dada, uzee haumsazi mtu." Nilimuuliza kama uzee ndio uliolimwaga dumu la maji. Alidhani namtania. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za maji, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amelisikia neno analolijua, na mtu akisikia neno analolijua huacha kusikiliza.

Haya yote Tahsin angeyavumilia. Ni mtu wa moyo mtulivu. Lakini Ferit, mwanawe wa pekee, alikuwa amechumbia Zerrin, binti wa Seyfi mkata mawe, na harusi ilipangwa Oktoba. Baba yake Tahsin ndiye aliyemnyoa Tahsin siku ya ndoa yake. Na Tahsin alikuwa akiingoja siku ya kumnyoa Ferit tangu mtoto huyo alipoota unywele wa kwanza, ambao, kwa maelezo ya mama wa mtoto, Tahsin aliutangaza msikitini.

Mama huyo, Melahat, aliingia dukani kwangu asubuhi moja, akaketi bila kunisalimu.

"Dada, wametuma neno."

"Nani?"

"Nyumbani kwa Seyfi. Bibi yake Zerrin, Cevriye. Anasema damu imekwisha kumwagika kwenye kola moja, hataki ya pili juu ya ndoa ya mjukuu wake. Ferit akanyolewe kituoni kwa wale vijana."

"Na Ferit anasemaje?"

"Anasema kama si baba yake, hanyolewi na mtu. Atakwenda na ndevu zake."

"Na Tahsin?"

Melahat alicheka ingawa macho yalikuwa mekundu. "Anasema, bwana harusi mwenye ndevu atoke nyumba ya kinyozi? Afadhali nizikwe kwanza, muoe baadaye."

Siku ile ile jioni Tahsin alivuka barabara kuja kununua jiwe la shabu, lile ambalo husugua usoni mwa wateja baada ya kunyoa ili kufunga vinyweleo. Nilimwambia bila kuzunguka: kwa nini huwaambii?

"Niwaambie nini, dada? Kwamba nilisema wembe haukati, na wembe ulikuwa haukati?" Aliligeuza jiwe mkononi. "Nimesema uongo huo miaka thelathini na nikalipwa. Siku moja nimesema kweli. Nani ataniamini?"

"Basi mtaje Naciye. Mwambie kila mtu kwamba maji yako yalipikwa chai."

"Mwanamke amewapikia wageni chai, nikamtangaze kama mwizi? Hapana."

"Nitaeleza mimi. Nitaleta maji ya aina mbili katika chupa, nitawaonyesha chokaa inavyofanya sabuni."

"Watasema, dada mfamasia amesema, kisha watarudi kusema waliyokuwa wakisema. Mambo ya uso, dada, mtu huyaamini kwa uso."

"Mnyoe mtu mmoja basi, upande huu na upande huu."

Aliniangalia kwa mshtuko wa kweli. "Nimkate mtu ili nithibitishe kwamba sikati watu?"

Aliweka jiwe mfukoni, akaenda hadi mlangoni, akasimama hapo akijipapasa shavu. Nilidhani anawaza kuhusu mvua.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya kwenda kwa Seyfi kukamilisha mipango. Melahat aliniomba niandamane nao, kwa kuwa alihofia kulia. Nilipofika kwao nilimkuta ameketi ngazini, sanduku la halua mapajani, amefumba macho.

"Usimwangalie," aliniambia. "Mimi nimekwisha kumwangalia."

Tahsin alitoka ndani amevaa suti yake ya harusi za watu. Shavu la kulia lilikuwa laini, linang'aa, kama la kijana aliyetoka hamamu. Shavu la kushoto lilikuwa jekundu, limekwaruzwa, lina mikato mitatu iliyozibwa kwa vipande vya karatasi, na chini ya taya nywele zilibaki kama mabua. Alikuwa ameketi uani asubuhi ile, upepo ukivuma, akajipaka upande wa kushoto povu la maji ya bomba, akamwamuru Ferit apige wimbo mmoja mzima wa ngoma na zumari kwenye simu, wimbo ulipokwisha akanyoa. Kisha akaingia ndani, akapiga povu la maji ya chemchemi, akanyoa upande wa kulia.

Tulipita hivyo mbele ya mkahawa. Nakumbuka vikombe vilivyosimama hewani.

"Fundi! Mmegombana na paka?"

"Upande mmoja tu," alijibu Tahsin, akaendelea kutembea.

Zerrin alifungua mlango, akaweka mkono kinywani. "Baba! Umefanywa nini?"

"Nimenyolewa, mwanangu. Mara mbili."

Seyfi, mtu mkubwa mwenye vumbi la mawe lisilotoka kwenye nyusi, alisimama. "Nani kakupiga, Tahsin? Nitajie tu."

Kwenye kochi, Bibi Cevriye hakusimama. Macho yake yamepungua nguvu, lakini ulimi wake uko salama. "Anakuja kuomba kunyoa na hawezi kujinyoa," alisema. "Angalau ni mkweli."

"Mkono ni huu huu, mama," alisema Tahsin. "Wembe mmoja, sabuni moja, asubuhi moja. Huku nimejipaka povu bovu la maji ya bomba nikaliacha likauke, kama siku ya Vedat. Huku nimejipaka povu langu."

"Mkono wako una shavu ulipendalo na shavu usilolipenda?"

"Gusa, mama."

Alipiga magoti mbele yake kama mtoto. Bibi Cevriye alinyoosha mkono, akaanza na upande wa kulia, polepole, kutoka sikioni hadi kidevuni na kurudi. Kisha akahamia wa kushoto. Tahsin alijikunja.

"Inauma?"

"Inawaka tangu asubuhi. Huko kulia siusikii hata uso wangu."

"Huku nimegusa tumbo la mtoto mchanga," Bibi Cevriye aliiambia nyumba nzima. "Na huku nimegusa shamba lililovunwa na mlevi." Akaurudisha mkono mapajani. "Kwa nini hukutumia maji yako siku ile? Kila mtu anajua unavyotembea na lile dumu kama mtoto wako."

Tahsin alitazama zulia.

"Nimekuuliza."

"Yalikwisha, mama."

"Yaliishia wapi?"

Nilifungua kinywa changu, Melahat akanikanyaga mguu. Na hapo Zerrin aliingia na sinia la chai. Bibi Cevriye alichukua glasi yake, akanywa kidogo, akakunja midomo kama tunavyokunja sote kwa chai ya mji wetu, akaitoa glasi mbali kidogo na kuitazama kwa macho yake hafifu.

"Ya Naciye haikuwa hivi," alisema.

Melahat alinikanyaga tena.

"Haikuwa hivi hata kidogo. Nilikunywa mpaka nikaona haya." Aliiweka glasi chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda tulidhani analia. "Ole wetu! Kumbe ngozi ya Vedat tuliinywa sisi! Tumekaa juu tunasifu majani, na mtoto wa watu anachunwa chini!"

Seyfi alicheka hadi akashika ukuta. Melahat alilia, kama alivyohofia, lakini kwa sababu nyingine.

"Mama, tafadhali, Bi Naciye asijue," alisema Tahsin.

"Naciye atajua leo, kutoka kwangu, na atacheka kuliko mimi. Wewe nyamaza, huna haki ya kusema, umelisema neno moja miaka thelathini." Alimshika kidevu, upande mzuri. "Utamnyoa mwanao. Lakini lile dumu nitalikalia mimi."

Na alilikalia. Tarehe ya harusi ilipofika, aliwekewa kiti mlangoni mwa jiko, dumu la kijani kati ya miguu yake, na hakumruhusu mtu alisogelee, hata Melahat, mwenye jiko lenyewe. Seyfi alikihamisha kiti cha kunyolea kutoka katikati ya ua, akakiweka pembeni chini ya ukuta ambako upepo haufiki. Tahsin alipiga povu mbele ya watu wote bila haraka. Burashi ilipoinuka, ncha ya povu ilisimama, ikajipinda. Alimpaka Ferit mpaka macho tu yakabaki yanaonekana, akasubiri kidogo, akagusa kwa kidole gumba kuona kama bado ni bichi, ndipo akafungua wembe.

Hakuna sauti iliyosikika isipokuwa ile ya nywele laini zikikatika. Wapiga ngoma walikuwa wamesahau kazi yao. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Palipoanza kukauka aliloweka burashi na kupaka upya. Vijana, noti mikononi, walingoja asimame. Hakusimama.

"Fundi, wembe vipi?" mmoja wao alimwita hatimaye, kwa sauti ya kukata tamaa.

"Unakata," alijibu Tahsin bila kuinua macho.

Hawakujua wafanye nini na pesa zao. Mmoja alianza kucheka, kisha uwanja wote, lakini mkono wa Tahsin haukutoka kwenye shavu la mwanawe. Alimaliza chini ya taya, mahali pagumu, akiivuta ngozi kwa vidole viwili. Alimpangusa kwa taulo la moto, akamsugua shabu, akammwagia viganjani kolonya, yale marashi ya baada ya kunyoa. Ferit alijipapasa uso mzima kwa mikono miwili, akamtazama baba yake, akambusu mkono na kuuweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama ada yetu. Kola ilikuwa nyeupe. Noti zikabandikwa baada ya yote, kwa fujo, nyingine mgongoni, na moja, nakumbuka, kwenye kipara cha Tahsin kilicholowa jasho.

Vedat alikuwapo pia, mikato yake imekwisha kupona bila alama. Alikwenda kuketi kwenye kile kiti mwenyewe bila kuitwa, akasema, "Na mimi nakudai kunyolewa, baba mdogo," maana alikuwa amekuja na ndevu za siku tatu. Tahsin alimnyoa kwa povu lililobaki.

Wapo wanaosema kwamba mji ulimsamehe. Nakataa neno hilo. Hapakuwa na la kumsamehe, na mji haukuomba radhi kwa maneno; mwalimu mstaafu alirudi tu kwenye kiti chake cha kila Jumamosi kana kwamba alikuwa safarini. Tahsin alimpokea kwa burashi ya moto na hakumuuliza alikokuwa. Mimi ningemuuliza.

Lakini katika harusi ya kwanza ya majira ya kuchipua, Jumamosi tarehe 22 Aprili 2017, vijana wa mji wetu walibandika tuzo zote kwenye koti la kinyozi kabla burashi haijaloweshwa, na tangu siku hiyo hakuna bwana harusi wa hapa aliyesimamishiwa wembe katikati ya povu.